Upande wa Kusini wa Shimo Namba Mbili

Semeni alikuwa na jicho la kuhesabu vitundu. Si sifa ya kumpatia mtu mchumba, wala haijapata kuimbwa ngomani, lakini ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Katika ofisi ya maji ya Kibiti, mwaka ule wa 2000, hapakuwa na mwingine aliyeweza kuinamia picha za ukuta wa shimo kutwa nzima, akipima kitundu kimoja kimoja kwa rula, bila kusinzia wala kumtukana mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chini ya mchanga wa upande ule umelala mwamba wa chokaa, na maji yamo ndani ya mwamba, kwenye vitundu vyake. Mwamba wenye vitundu vingi vilivyoshikana hutoa maji. Mwamba uliojifumba hutoa vumbi na lawama. Zamani watu walichimba kwa kubahatisha, wakikosa wanahamia kwingine. Lakini hizi zilikuwa zama za soko huria. Mtambo wa kuchimba ulikuwa wa kampuni ya mtu, na mtambo wa mtu haubahatishi. Wafadhili walikubali kisima kikubwa kimoja tu, na vijiji vilivyokililia vilikuwa vitatu. Kwa hiyo kila kijiji kilitobolewa shimo jembamba la majaribio, kamera ikateremshwa humo kwa waya, ikaupiga picha ukuta wa shimo kuzunguka pande zote. Kompyuta ikaipasua picha ile kama mtu anavyopasua debe akalinyoosha liwe bati, na printa ikatoa karatasi ndefu. Juu yake mdomo wa shimo, chini kitako chake. Kushoto kaskazini, kisha mashariki, kusini, magharibi, mpaka kaskazini tena.

Semeni alihesabu vitundu, vikubwa kwa vidogo, kila mita na idadi yake. Mhandisi Ashrafu aliiingiza hesabu kwenye kompyuta, nayo ikajenga modeli, yaani mwamba mzima wa kuchora, unaoonyesha vitundu vimejaa wapi na vimeadimika wapi. Palipojaa ndipo mtambo ungekwenda.

"Ukikata mkate wa kumimina huoni vitundu?" Semeni alimwambia mama yake siku alipomweleza. "Basi miye nahesabu vitundu vya mwamba kama hivyo."

"Mkate ulioumuka hauhesabiwi," alijibu mama yake, Bi Sihaba. "Unauma, basi."

Bi Sihaba aliishi Mkongeni, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka Kibiti, na Mkongeni ndiko lilikokuwa shimo namba mbili. Maji ya kijiji yalitoka kwenye kidimbwi cha bondeni, maili tatu kwenda na maili tatu kurudi, na kurudi ni kupanda. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu mfungo uliopita. Kuhamia kwa binti yake mjini alikataa katakata. Alisema hawezi kuishi mahali ambapo hata kuku wanafungiwa mlango. Semeni ndiye aliyeandika barua tatu mpaka Mkongeni ikaingizwa kwenye orodha. Hakutafuta sifa. Alitaka mama yake aache kupanda mwinuko ule na ndoo kichwani, na alilitaka hilo kuliko alivyopata kutaka kitu chochote maishani.

Watu wa Mkongeni asili yao ni milima ya Umatumbi, kusini, ng'ambo ya mto Rufiji, ambako mwamba wa chokaa una mapango na kila pango lina wenyewe. Kwa desturi ya wazee wao, mtu hakuingiza hata mkono kwenye tundu la mwamba kabla ya kulilipa unga. Bi Sihaba alikuwa Mwislamu wa swala tano, hakosi, na kwa swala alielekea kibla, kaskazini. Lakini akiwakumbuka wa kwao alichota unga wa mchele, akageuka kusini, akaumwaga huku ananong'ona majina. Hakuona ugomvi wowote baina ya pande hizo mbili. "Mungu yuko kila upande," alisema, "ila babu yangu amezikwa upande ule."

Ndiyo maana siku ile mtambo ulipomaliza kutoboa shimo namba mbili, na wanawake wakaanza kusogea na mabakuli yao, Semeni aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Mhandisi Ashrafu alikuwa amesimama pembeni, na Semeni aliona haya, ile haya ya mtu aliyesoma akifumaniwa na kwao.

"Nyiye wamama, rudisheni unga wenu nyumbani!" alipaza sauti. "Hiki ni kipimo cha kitaalamu, si pango la mizimu. Mambo haya ya kizamani ndiyo yanayoturudisha nyuma!"

Aliyasema hayo mbele ya kijiji kizima. Aliyasema mbele ya mama yake, aliyekuwa wa kwanza kwenye msafara, na bakuli lake mkononi. Bi Sihaba alilifunika bakuli kwa pindo la kanga, akaondoka akichechemea, na wenzake wakamfuata. Kesho yake asubuhi gari la ofisi lilileta kamera, picha zikapigwa, na Semeni akarudi Kibiti ameridhika kwamba ameinusuru kazi. Usomi ni kitu kizuri sana, ila una tabia ya kupiga kelele pasipo haja.

Wiki tatu baadaye majibu yalitoka, na yalikuwa mabaya. Shimo la kwanza lilikuwa hafifu. La tatu, kando ya barabara ya Ikwiriri karibu na maghala ya ufuta, lilikuwa la wastani. La pili, ambalo Semeni alikuwa akiliombea dua kila alfajiri, lilikuwa la mwisho. Sehemu kubwa ya ukuta wake ilikuwa laini, nyeupe, haina kitundu, na kuanzia mita ya ishirini na mbili, maji yalipoanzia, picha ilikuwa nyeupe tupu kama tui la nazi.

"Tope la chokaa," alisema Mhandisi Ashrafu. Alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa mtoni, mtu mpole, aliyeipenda kompyuta yake kuliko wengine wanavyopenda gari la ofisi. "Limeingia kwenye vitundu likaviziba. Pole sana, Bi Semeni. Hapo hapana kisima."

Ripoti ingetiwa saini Ijumaa kabla ya swala, barua iende wilayani Utete, na kamera irudi Dar es Salaam siku hiyohiyo. Jumamosi mtambo ungeanza kazi kando ya barabara ya Ikwiriri, na ukimaliza ungewahi kivuko cha Ndundu uende zake kusini kabla ya masika, maana daraja la Rufiji lenyewe lilikuwa bado nguzo tu ndani ya maji. Ukishavuka, haurudi. Habari zilifika Mkongeni siku ileile. Habari mbaya hazingoji baiskeli.

Jumanne Semeni alizitandaza tena karatasi za shimo namba mbili mezani. Si kwamba alikuwa na shaka. Alikuwa na huzuni, na mwenye huzuni hurudia kukitazama kilichomuumiza.

Mwamba wa chokaa hulala tabaka juu ya tabaka, kama chapati kwenye sahani, na tabaka lenye vitundu huwa navyo kulizunguka shimo lote. Hapa kila tabaka lilianza vizuri, vitundu tele kaskazini, vitundu tele mashariki, halafu ghafla hakuna hata kimoja, halafu magharibi vinarudi. Alitazama tabaka la chini yake, ikawa vilevile. Na la chini yake tena. Kwa mita ishirini na mbili, weupe uleule ulikuwa umeshuka wima mahali palepale. Wakati wa kuhesabu hakuuona, kwa sababu alihesabu mita kwa mita, pua kwenye karatasi. Sasa alirudi nyuma mpaka ukutani mwa ofisi, akaziona zote kwa pamoja, na akajua kwamba mwamba hauna adabu ya kujipanga mstari namna ile. Kilichoshuka wima kilikuwa kimemwagwa.

Alipandisha kidole taratibu mpaka kwenye alama za dira juu ya karatasi. Kusini.

Aliketi. Alimwona mama yake kama aliyekuwa mbele yake, amesimama kaskazini mwa shimo, ameelekea kwao, bakuli mkononi, midomo inanong'ona majina. Semeni alicheka peke yake mle ofisini, kisha akalia, kisha akatoka kutafuta baiskeli.

Alimkuta Bi Sihaba barazani, amenyoosha mguu mbovu juu ya mkeka, anapembua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jua lote hili, kuna nini?"

"Mama, mlimwaga unga shimoni."

Bi Sihaba aliendelea kupembua. Alitoa chuya moja akawatupia kuku, akatoa nyingine. "Kasema nani?"

"Ukuta wa kusini."

Hapo mkono ulisimama. Alikuwa amejiandaa kwa jirani mwenye mdomo mrefu, hakuwa amejiandaa kwa ukuta.

"Mlimwaga mkavu au mliukoroga?" Semeni aliuliza.

"Tuliukoroga, ukawa uji. Miye na Maulida na wenzetu wanne. Asubuhi ileile, kabla gari lenu halijafika. Vibaba kumi na viwili."

"Kumi na viwili, mama!"

"Ulitufukuza mbele ya watu, Semeni. Nikasema moyoni, mwanangu katoboa mwamba na hataki kuulipa, balaa likimpata itakuwaje? Basi nikamlipia. Na kwa kuwa weye ulikuwa umewatukana wenyewe, nikaona niongeze." Aliuweka ungo chini. "Sasa wanasema siye tumekosa kisima. Sema kweli, ni kwa ajili yangu?"

Tangu habari zilipofika hakuwa akila vizuri. Alikuwa akijiuliza kama wa kwao wamemkataa au unga umeharibu, na hakuwa na wa kumuuliza, kwa kuwa mwenye kujua ndiye huyohuyo aliyemkataza.

Semeni aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kama angewauliza tu siku ile, kama angesema, jamani mwageni pembeni, shimo lenyewe liacheni wazi, wangemwaga pembeni na vigelegele juu. Hakuwapa mahali pa kumwaga. Aliwafukuza, nao wakarudi kwa kificho kumfanyia wema. Alipiga magoti, akalishika goti la mama yake kwa mikono miwili.

"Kosa ni langu, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini maji yakimwagika hayazoleki."

"Uji huu utazoleka," alisema Semeni, akifuta macho. "Zubeiri wa mtambo ana kompresa ya kulipuliza shimo."

Jumatano asubuhi, njiani kwenda ofisini, alijaribu kutunga maneno ya heshima. Kuna uchafu wa nje umeingia. Kuna kitu kigeni. Wanakijiji kadhaa wasiojulikana. Alipofika mlangoni aliyatupa yote, maana mficha uchi hazai, na yeye alihitaji kisima.

"Mhandisi, ule weupe wa shimo namba mbili si tope la chokaa. Ni uji wa mchele. Aliyeumwaga ni mama yangu mzazi, na aliyemfanya aumwage kwa siri ni mimi."

Ashrafu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha Semeni akamtandazia karatasi sakafuni, akamwonyesha ule mstari ulioshuka kusini, na kicheko kikamkauka taratibu.

"Yaani modeli yangu imechora uji," alisema mwishowe.

"Kwa ustadi mkubwa, mhandisi."

"Bibi yangu kule Maparoni mtoni hapandi mpunga bila kuchoma ubani," alisema Ashrafu, akivaa miwani. "Mimi nilidhani hayo nimeyaacha kule. Sikiliza, Bi Semeni. Zubeiri asafishe shimo leo. Kesho tupige picha upya. Lakini Ijumaa saa tano natia saini, sina uwezo wa kusogeza. Nikiwa na hesabu mpya mkononi nitaiingiza. Nisipokuwa nayo, nasaini hii. Na shimo moja wewe hulihesabu kwa siku nne."

"Najua," alisema Semeni.

Zubeiri, fundi wa mtambo, alikuwa mtu wa maneno machache na misuli mingi. Alishusha bomba mpaka kitakoni, akaifungulia kompresa, na kijiji kizima kikaja kutazama. Shimo liliguna, likakohoa, likatapika. Maji meupe yaliruka juu na kuwanyeshea waliokuwa karibu, na Mhandisi Ashrafu, aliyetaka kuona kwa macho yake, alipata fungu lake lote usoni. Akajilamba mdomo kabla hajajizuia.

"Hii si chokaa," alisema. "Hii imechacha."

Harufu ya togwa ilitanda uwanja mzima. Watu walicheka wakashikana mabega, na Maulida, jirani yake Bi Sihaba, alitoa kigelegele kimoja kisha akauziba mdomo kwa kanga, kwa kukumbuka kwamba yeye ni mshtakiwa. Zubeiri hakuizima kompresa mpaka alasiri, maji yalipoanza kutoka maangavu kabisa. Kisha wakaliacha shimo litulie.

Alhamisi asubuhi kamera ilishuka tena. Semeni alimkalisha mama yake kwenye kigoda mbele ya kioo cha kutazamia picha za kamera, kwenye kivuli cha gari, jenereta inanguruma. Ukuta ulianza kupita polepole. Mita ya kumi. Mita ya ishirini. Kamera ikaingia majini, na maji yalikuwa safi kama hayapo. Na hapo, kaskazini na mashariki na kusini na magharibi, mwamba ulikuwa umejaa vitundu vyeusi, vidogo kama ncha ya sindano na vikubwa vya kuingiza kidole, vingine vimefunguana vikawa vijia.

Bi Sihaba alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. "Lahaula," alinong'ona. "Mkate umeumuka."

Semeni alitaka kupiga kelele za furaha, lakini furaha haiingizwi kwenye kompyuta. Modeli ilitaka idadi, kitundu kwa kitundu, kila ukubwa mbali, kwa mita arobaini na sita. Ilikuwa saa nne, na alibaki na siku moja na asubuhi moja. Alizitazama karatasi zilizokuwa zikitoka kwenye printa ya garini, akaitazama rula yake, akakata tamaa. Kisha akamtazama mama yake. Bi Sihaba alikuwa ameichukua karatasi ya kwanza na kuipakata kama sinia, na kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya vitundu vile bila kuruka hata kimoja, kama kinavyotembea kutafuta chuya.

"Mama," alisema Semeni. "Waite wenzio."

Wakaja kumi na wanne, pamoja na wale watano wa uji. Mikeka ilitandikwa kwenye baraza la ghala la kijiji, upepo ukazibiwa kwa majamvi. Semeni alileta ufuta, mchele, choroko na kunde, akaeleza mara moja tu, maana hawakuhitaji mara mbili. Kitundu kinachofunikwa na ufuta, kiwekee ufuta. Ufuta ukikipwaya, weka mchele. Mchele ukipwaya, weka choroko, na vikubwa kupita vyote viwekewe kunde. Karatasi moja watu wawili, na wakimaliza wabadilishane na jirani, wakague. Vitundu vilivyogusana yeye mwenyewe alikuwa akiviunganisha kwa penseli, kwa sababu maji hayaruki ukuta. Karatasi iliyokaguliwa ilikung'utwa kwenye ungo, mbegu zikatengwa na kuhesabiwa, idadi ikaandikwa daftarini.

Nimeona maofisi mengi, lakini kazi ya namna ile sijaiona ofisini. Hakuna aliyeinua kichwa. Wanawake waliozoea kuona jiwe moja ndani ya pishi ya mchele walikuwa wakiona vitundu ambavyo Semeni mwenyewe angevipita. Yeye aliyekuwa akijivunia jicho lake aligundua siku ile kwamba jicho lile hakulipata chuoni.

"Nipe upande wangu," Bi Sihaba alikuwa amesema mwanzoni, na kila karatasi ilipofika alianza na kusini.

Ilipofika alasiri, alinyoosha mkono akagonga karatasi ya Maulida. "Ondoa kunde hiyo."

"Dada, ni moja tu."

"Hapo ni pa choroko."

"Moja, dada! Kwa ajili ya kisima. Nani atajua?"

"Tumeshaudanganya mwamba mara moja, Maulida," alisema Bi Sihaba. "Tukiudanganya mara ya pili, ndoo zetu tutajaza kunde?"

Baraza zima liliangua kicheko, na Maulida naye akacheka, akaitoa kunde akaitafuna. Semeni aliinamia daftari lake ili wasimwone machozi. Hakuna mtu kijijini aliyekihitaji kisima kile kuliko yule mwenye goti lililovimba, na huyohuyo ndiye aliyekataa kukiibia kunde moja. Alimpenda mama yake siku zote, lakini saa ile alimpenda kwa heshima mpya.

Walifika mita ya thelathini na moja jua likizama, wakaendelea Ijumaa baada ya alfajiri. Saa tatu na nusu Semeni alirukia baiskeli na daftari kifuani. Akaingia ofisini saa tano kasorobo, hana pumzi ya kumsalimu mtu.

Ashrafu aliingiza idadi safu kwa safu. Kisha kompyuta ikaanza kufikiri, na kompyuta za miaka ile zilifikiri kama wazee wa baraza, polepole na kwa mingurumo. Kwenye kioo, mwamba ulianza kujijenga upya tangu juu, rangi hafifu, rangi hafifu, kisha chini ya mita ya ishirini na mbili buluu ikaanza kuenea, ikakolea, ikashuka mpaka kitakoni. Ashrafu alilinganisha na shimo la tatu. Alihesabu upya. Akavua miwani akaifuta, akahesabu tena.

"Karibu mara mbili," alisema. "Bi Semeni, ni karibu mara mbili ya lile la Ikwiriri."

Semeni alikaa chini sakafuni, palepale.

Mhandisi aliichana barua ya zamani, akaandika mpya. Alipofika mahali pa kueleza kwa nini kipimo cha kwanza kilikosewa, alisita. "Hapa niandike nini? Utete watasoma. Wafadhili watasoma."

"Andika ukweli. Uji wa unga wa mchele, vibaba kumi na viwili, upande wa kusini."

"Na chanzo chake?"

"Andika kwamba mimi, mpimaji, sikuwauliza wenyeji."

Aliandika hivyohivyo, akatia saini, akaenda msikitini. Watu wa kando ya barabara walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Kiu haina kijiji. Lakini Jumamosi mtambo ulikwenda Mkongeni.

Zubeiri alikuwa ameshashika usukani wa mtambo wake, injini inaunguruma, Mhandisi Ashrafu alipoinua mkono kumzuia. Akawageukia wanawake. "Jamani wamama, mbona tunaanza hivihivi? Unga uko wapi?"

Wote walimtazama Semeni. Semeni alihesabu hatua kumi kutoka mdomo wa shimo kwenda kusini, akachora duara mchangani kwa kisigino. "Hapa, mama. Mwageni mtakavyo."

Bi Sihaba alimwaga. Safari hii hakunong'ona. Aliyataja majina kwa sauti, la babu yake, la bibi yake, na mwishoni akaongeza la binti yake, ili wa kwao wamjue. Mtambo ukaanza.

Maji yalitoka Jumatano alasiri, kwanza ya matope, kisha maangavu, yakatoka kwa nguvu kiasi kwamba Zubeiri alitamka sentensi tatu mfululizo. Pampu ya mkono ilifungwa juma lililofuata, na kwa kauli ya kijiji kizima ndoo ya kwanza ikawa ya Bi Sihaba. Alijitwika kwa mazoea ya miaka yote, akakaza shingo tayari kwa mwinuko, akaanza kwenda. Semeni alimfuata nyuma. Mama alikuwa akitembea taratibu mno, midomo inacheza, na Semeni alidhani goti linamuuma, akaharakisha ili ampokee.

Bi Sihaba alikuwa ameshafika mlangoni pake. Alisimama pale na ndoo kichwani, maji yakimdondokea begani, anashangaa kwamba safari imekwisha.

"Arobaini na tatu," alimwambia binti yake. "Hatua arobaini na tatu tu. Rudi ukahesabu na weye, tuone kama tunalingana."